Yangeyange wa Nne

Dada yangu Lydia hawezi kukoroga unga jikoni asiutie sukari. Nimemjua miaka thelathini na minane na sijawahi kumwona akipika uji, uwe wa wimbi, wa mtama au wa ngano, bila mkono wake kwenda kwenye kopo la sukari. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotufikisha pale, na kwa sababu Lydia akisimulia habari hii huanzia mahali pengine kabisa.

Mimi ni Maryann Nyokabi. Nafanya kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya meno huko Olaya, Riyadh, orofa ya sita, karibu na kituo cha metro. Jumapili hadi Alhamisi natabasamu kwa watu wenye maumivu ya meno. Ijumaa na Jumamosi nafunga mlango wa chumba changu nachana karatasi.

Natengeneza picha za kubandika. Mkasi siutumii kwa ndege, kwa sababu karatasi iliyochanwa kwa mkono hubaki na ukingo wenye nyuzinyuzi nyeupe, na nyuzinyuzi hizo ndizo manyoya. Ukikata kwa mkasi unapata ndege wa bango la matangazo. Nachana mifuko ya unga, karatasi za ndani za maboksi ya tende, kalenda za kliniki za mwaka uliopita na bahasha za dawa zenye maandishi ya Kiarabu. Gundi napika mwenyewe: unga wa ngano, maji, siki kidogo, basi. Riyadh ni kavu mno, na kabla sijamaliza kufuta mikono picha imeshakauka.

Picha zangu zote zimetoka kwenye hadithi moja, na hadithi hiyo imetoka kwa cucu, nyanya yetu mzaa mama. Nina jina lake. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Lydia ni wa kwanza, akapewa Wangari wa upande wa baba. Mimi wa pili nikapewa Nyokabi. Ndiyo maana mpaka leo mama huniita "maitu", yaani mama yangu, hata anaponigombeza.

Cucu Nyokabi alimzaa mama yetu na Mwairishi aliyeitwa Martin, aliyekuja Ol Kalou mwaka 1953 kupima mahali pa kujenga bwawa. Mwaka 1955 akaondoka, mama akiwa na mwaka mmoja, na hakurudi. Bwawa lenyewe halikujengwa. Alimwachia cucu vitu viwili, hadithi na barua.

Hadithi ni hii. Mfalme alikuwa na watoto wanne. Mama yao akafa, mfalme akaoa mke mwingine, na mke huyo akawaonea watoto wivu. Akawapeleka ziwani kuoga, akawageuza ndege weupe. Aliwanyang'anya kila kitu isipokuwa sauti. Wakakaa majini miaka mia tisa wakiimba kwa sauti za watu, mpaka siku kengele ilipolia ndipo wakafunguliwa. Kule Ayalandi ndege hao ni bata maji. Cucu hakuwahi kuona bata maji maishani mwake. Ndege mweupe wa shingo ndefu aliyemjua ni yangeyange, yule anayefuata ng'ombe malishoni, kwa hiyo watoto wa mfalme wakawa yangeyange, ng'ombe wakaingia kwenye hadithi, na kengele ikawa ile ya misheni. Mwishoni walirudi nyumbani wakapewa maziwa. Nilikuwa na miaka kama saba aliponisimulia, na niliamini kwamba kila yangeyange shambani kwetu alikuwa mtoto wa mtu.

Mwaka jana niliweka picha hizo mtandaoni. Mama mmoja wa Kiairishi akaniandikia, jina lake Nuala, muuguzi wa miaka sitini hivi anayefanya kazi Jeddah. "Hiyo ni hadithi yetu," aliandika. "Ila ng'ombe wametoka wapi?" Nilimpigia simu nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa. Yeye na wenzake walikuwa wakiandaa maonyesho ya kazi za mikono za wanawake katika ukumbi mdogo mtaa wa Ruwais, Jeddah, na mada yao ilikuwa urithi. Alinitaka nilete picha nne, kila ndege na yake, na kila mshiriki aweke ndani ya kazi yake kitu halisi cha familia. Sikufikiria mara mbili. Nilitaka ile barua.

Tatizo ni kwamba barua ilikuwa ya Lydia. Cucu alimpa yeye mkononi wiki chache kabla hajafa, mwaka 1994. Lydia amenizidi miaka kumi na miwili, na ndiye aliyenilea mama alipokuwa kwenye mashamba ya maua Naivasha. Sasa ana miaka tisa Jeddah, katika nyumba moja ya Al-Hamra, anapika na kumtunza mama mzee wa bosi. Pasipoti yake inakaa kwa kafili, yaani bosi anayemdhamini nchini. Barua inakaa kwake, kwenye mfuko wa plastiki ndani ya Biblia.

Hakuna aliyewahi kuisoma. Ilikuwa na herufi za ajabu, nyingine zina nukta juu ya vichwa. Mwalimu mkuu wa zamani aliwahi kuonyeshwa ukurasa wa juu akasema ni Kilatini, na padre akasema Kilatini anakijua na hicho sicho. Cucu hakujali. Martin alimpa karatasi hiyo asubuhi aliyoondoka, akamwambia kwa Kiswahili chake kibovu kwamba imetoka nyumbani, aitunze. Kwa cucu hiyo ilikuwa ahadi. Watu walipomwita mama yetu mtoto wa njiani, cucu aliwajibu, "Baba yake ameandika. Atarudi." Alijibu hivyo miaka arobaini, na Lydia alikuwa pale akimsikia.

Basi Alhamisi moja jioni nikapanda basi na picha zangu nne zimefungwa kwenye shuka. Asubuhi nikafika Ruwais, kwa rafiki yetu Magdaline anayefua nguo hotelini. Yeye alikuwa zamu, akatuachia ufunguo. Lydia alifika saa tatu, amevaa abaya yake mpya, ameruhusiwa mpaka magharibi. Hakuwa hata ameketi nilipoanza.

"Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo. Sijasema nitakupa."

"Nipe niipige picha tu. Simu siku hizi inasoma lugha zote."

"Mafi, hakuna," Lydia akasema. "Na usinianzie, Maryann."

"Ni karatasi yetu sote."

"Cucu alinipa mimi. Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi siulizi-ulizi."

Nilimwambia kwamba nimekaa kwenye basi kwa saa kumi na mbili, na kwamba mtu anayeficha barua asiyoweza kuisoma ana kasoro kichwani. Hayo ya kasoro najuta kuyasema. Lydia alinigeuzia mgongo. Alivua abaya, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kitanda cha Magdaline.

"Sasa sikiliza," akasema. "Ikisema alikuwa na bibi kwao? Ikisema huyo mtoto si wake? Cucu ametembea na kichwa juu miaka yote hiyo kwa sababu ya hii kitu. Nikisoma nikute ni uongo, nitamwambia nini? Amekufa. Hawezi kujitetea."

"Na ikisema ukweli?"

"Ukweli tayari tuko nao."

Baadaye yeye mwenyewe akaja na mpango. Niibandike barua, alisema, lakini ikiwa imekunjwa hivyo hivyo, chini ya bawa la yangeyange wa nne. Ukingo uonekane kidogo, maandishi yasisomeke. Ikishagandamana hapo, maneno yatakuwa yamekwisha, halas, hakuna atakayeisoma tena, wala mimi wala mtoto wa mtoto.

"Na gundi napika mimi," akaongeza.

"Kwa nini wewe?"

"Nikikuacha peke yako na hiyo barua utaikunjua."

Ananijua. Nilikubali kwa shingo upande. Nilijisemea afadhali barua iliyobandikwa kuliko barua iliyo ndani ya Biblia Al-Hamra. Akaingia jikoni, nikamsikia akikoroga, akatoka na sufuria ya gundi nyeupe laini isiyo na donge hata moja. Tukaipaka, tukaweka barua, nikaifunika kwa bawa la karatasi ya mfuko wa unga. Tukaiegemeza picha karibu na dirisha ikauke, tukaenda kula samaki pwani. Lydia hutoka mara mbili kwa mwezi, na sikutaka aimalize siku yake akinilinda.

Tulirudi baada ya alasiri. Jeddah hewa yenyewe ina maji, kwa hiyo nilitegemea kukuta gundi bado mbichi. Sikutegemea mstari mweusi wa sisimizi. Ulitoka kwenye ufa wa dirisha, ukashuka ukutani, ukapita kwenye ng'ombe wangu wawili na kuingia moja kwa moja chini ya bawa la yangeyange wa nne.

Nilichovya kidole kwenye gundi nikakilamba.

"Lydia. Umetia sukari?"

"Kidogo tu."

"Kwenye gundi?"

"Si ni uji," akasema, kisha akasikia alichosema. Kila siku ya Mungu anampikia yule mama mzee uji wa ngano kabla ya kitu kingine chochote. Mkono ulikwenda wenyewe. Aliketi chini sakafuni akaziba uso.

Niliinua bawa. Sisimizi walikuwa wamejaa kwenye mikunjo ya barua, na karatasi ya miaka sabini, iliyolowa namna ile, ilikuwa imeanza kulainika kama mkate ndani ya chai. Pembe ya juu ilikuwa imekwisha kuwa tope. Ningeiacha ilivyokunjwa, kufikia jioni ingekuwa donge. Ningeikunjua, ingepona, na ingesomeka. Nilimwambia Lydia hivyo, bila kumpunguzia wala kumwongezea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa nataka kushinda.

Lydia aliinua uso. Alitazama barua, akatazama saa ya ukutani. Hapo ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Nuala, amekuja kuchukua picha kama tulivyopatana, mama mfupi mwenye nywele nyeupe na viatu vya hospitali. Aliona, akaelewa. Alinawa mikono.

"Niruhusu," akamwambia Lydia kwa Kiingereza, na Lydia akatikisa kichwa kukubali.

Aliikunjua polepole kwa pamba yenye maji, akipuliza sisimizi mmoja mmoja, kama anavyofungua bandeji iliyogandia kidonda. Akailaza juu ya taulo la Magdaline. Kurasa mbili, wino wa bluu iliyopauka. Kisha mikono yake ikasimama.

"Hiki ni Kiairishi," akasema. "Kwa herufi za zamani. Nyanya yangu aliandika hivi." Akamtazama Lydia, si mimi, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Naweza kuisoma. Niisome?"

Nilizuia ulimi wangu kwa nguvu zote nilizo nazo, nazo si nyingi.

"Ameandika mwanamume?" Lydia akauliza.

Nuala akainama. "Hapana. Ni mwanamke. Ni mama anamwandikia mwanawe."

Kwa hiyo Martin hakuwa ameandika neno. Yale aliyoyasema cucu miaka arobaini yaliangukia pale pale sakafuni kwa Magdaline, kabla hata ya mstari wa kwanza kusomwa. Nilimwona Lydia akiyapokea. Alivuta kiti, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Limeshakuwa," akasema. "Soma."

Nuala alisoma kwa Kiingereza, akisimama hapa na pale palipolowa. Naiandika nilivyoishika.

"Mwanangu Martin. Barua yako imefika, imechukua wiki sita. Ng'ombe mwekundu amezaa, na ndama ni dume. Paa tuliliwahi kabla ya upepo. Ndugu yako ameenda Uingereza, na sasa nyumba ina mimi na paka. Umeniandikia kwamba una mtoto wa kike huko. Umeandika mstari mmoja, kisha ukaandika ukurasa mzima wa habari za bwawa. Sikuulizi juu ya mama yake, utanieleza ukiwa tayari. Lakini hukunitajia jina la mtoto. Kila jioni namwombea, nasema 'yule mdogo wa Martin', na Mungu ana wadogo wengi, sijui kama anajua ni yupi. Niandikie jina lake. Mbona hukuliandika? Nitafurahi kulijua. Mama yako."

Nje mtu alikuwa akipiga honi, akimwita mwenzake ashuke. Nililia, na sikujificha. Nyanya mmoja huko mbali alikuwa amekaa na paka akimwombea mama yetu, na sisi huku tulidhani katika ukoo ule hakuna aliyewahi kujua kama mama yuko duniani.

Lydia ndiye aliyeanza kusema, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu vikombe.

"Mama ni mtoto wa kwanza. Msichana wa kwanza."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi alitakiwa apewe jina la huyu. Mama ya baba yake. Cucu hakulijua, ndiyo akampa la mama yake mwenyewe." Aligusa ukingo wa taulo. "Huyu mama anauliza mtoto anaitwa nani. Alitakiwa aitwe yeye."

Nilimweleza Nuala desturi yetu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Lydia alichukua simu yake akampigia mama, Ol Kalou. Mama ana miaka sabini na ushee na hupokea simu kwa kelele, kana kwamba umbali ni kosa la mpigaji. Lydia alimweleza yote, mpaka sukari, na mama akamgombeza kwanza kwa sukari. Kisha akasikiliza barua yote, Lydia akimtafsiria.

"Anauliza jina langu?" mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwaka gani huo?"

"Hamsini na tano."

Tulisikia kuku wake na redio. Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na yeye aliitwa nani?"

Lydia akamwangalia Nuala. Nuala alikuwa amekwisha kurudi kwenye barua, anatafuta. Pembe ya juu, palipokuwa na mahali na tarehe, sisimizi na gundi walikuwa wameimaliza, imebaki "1955" peke yake. Chini palikuwa na maneno mawili tu, safi kabisa.

"Ameandika 'mama yako', mama," Lydia akasema. "Jina hakuweka."

"Hakuna mama anayemwandikia mtoto wake akaweka jina," mama akasema. "Hata mimi sijawahi kukuwekea." Akazima redio. "Lilikuwa langu hilo jina."

"Najua, mama. Pole."

"Maitu yuko hapo?"

"Niko hapa," nikasema.

"Kwenye hiyo picha yako niandike mimi, Wambui. Karibu yangu umwandike yeye. Mwandike Mama Martin. Hapa kwetu ingekuwa hivyo hivyo, nani angemwita jina lingine?"

Barua haikubandikwa. Lydia aliikausha kwa feni, akaiweka ndani ya Biblia ikiwa wazi, haikunji tena. Pale ilipokuwa, chini ya bawa, palibaki pengo la mraba lenye alama za gundi, na mimi sikuliziba. Nilichana vipande viwili vya karatasi, Lydia akaandika majina kwa mkono wake: Wambui, Mama Martin. Ilikuwa imebaki nusu saa adhana ya magharibi isikike, na Al-Hamra walikuwa wanamngoja. Nuala alisema atamfikisha kwa gari.

Lydia akaingia jikoni kupika gundi nyingine. Safari hii nilimfuata nikasimama karibu na jiko, kopo la sukari nimelishika mwenyewe.